Muziki wa okestra wa kiromantiki kwenye filamu: ni nini, na unashikaje moyo

Ni muziki unaopigwa na okestra kubwa, violini zikiwa nyingi, kwa mtindo uliokomaa Ulaya katika karne ya 19: melodi ndefu inayoimbika, inayopanda taratibu hadi kileleni kisha inashuka. Si lazima filamu yenyewe iwe ya mapenzi. Hata ya vita, ya safari au ya msiba huubeba.

Walioufikisha Hollywood walikuwa watu waliolelewa Vienna. Max Steiner, aliyezaliwa huko mwaka 1888, ndiye aliyetunga muziki wa King Kong ya 1933. Erich Wolfgang Korngold, Myahudi aliyekwisha kuvuma kwa opera zake, alikwenda Marekani 1934. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, yeye alikuwa Hollywood akiandika muziki wa filamu ya Robin Hood, na kazi hiyo ikawa salama yake. Watunzi hawa walikuja na desturi ya Richard Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani, ya kumpa mhusika melodi yake, ili ikilia tu, hata kama hayupo kwenye picha, ujue anakumbukwa.

Sasa, kwa nini unaliza? Aliyeimba kwaya Mbeya, Tukuyu au Iringa tayari anajua, hata kama hajawahi kuiona violini. Kwenye wimbo wa sauti nne kuna mahali besi wanahama, lakini mwalimu anawaambia alto, “Shikilieni hapo hapo, msishuke bado.” Sauti zinagongana. Kanisa zima linahisi kuna jambo halijatulia. Kisha alto wanashuka hatua moja, na mabega ya watu yanalegea. Okestra inafanya jambo hilohilo, ila ina uwezo wa kulichelewesha na kulirudia, kila mara juu zaidi, mpaka kifua kinabana. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichunguza ni wapi hasa kwenye muziki wasikilizaji hutokwa machozi. Noti za namna hii, zinazoegemea pembeni kabla ya kutua, zilijitokeza sana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Out of Africa ya 1985, iliyompa mtunzi wa muziki wake, John Barry, tuzo ya Oscar. Treni inakatiza nyika ya Kenya, na violini zinabeba melodi pana ya polepole. Barry hana haraka kabisa. Aliyewahi kukaa dirishani kwenye treni ya TAZARA kati ya Mbeya na Makambako ataujua mwendo ule, nchi inavyofunguka kidogo kidogo. Kwangu, filamu nyingi za siku hizi zinazotwanga ngoma mwanzo hadi mwisho hazifiki hapo, kwa sababu hazimpi msikilizaji nafasi ya kungoja.

Inaniuma kwamba wengi wetu muziki huu tumeusikia nusu. Kwenye kibanda umiza, sauti ya DJ anayetafsiri hukaa juu ya okestra. Kipaji chake nakiheshimu sana, lakini ile noti inayochelewa humezwa. Tafuta filamu hiyohiyo isiyotafsiriwa, vaa hedifoni, na mara ya kwanza achana na melodi. Fuata ala za chini, kama ambavyo mwanakwaya husikiliza besi, uone zinavyohama huku violini zikiwa bado zimeng'ang'ania juu.