Je, wajua? Kwa nini Unguja hadi Pemba si dakika tisa

Piga hesabu ya haraka ya safari ya ndege kutoka Unguja hadi Pemba, kama kikokotoo cha mtandaoni kinavyofanya: kilomita 125 hivi, jeti inakwenda kilomita 800 kwa saa, basi ni dakika tisa tu. Lakini ratiba inakuambia karibu nusu saa. Dakika nyingine zimekwenda wapi?

Umbali wenyewe hauna ubishi. Ni mstari mfupi kabisa juu ya mgongo wa dunia, toka kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume pale Kisauni, Unguja, hadi kile cha Pemba karibu na Chake Chake. Marubani na mabaharia wana njia yao nyepesi ya kuupima: digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, na kila maili ni kilomita 1.852. Chake iko karibu digrii moja kaskazini ya Kisauni, halafu unasogea mashariki kidogo. Jumla ni maili 68 hivi.

Kosa liko kwenye kasi. Safari hii mara nyingi hufanywa na Cessna Caravan, pangaboi ya injini moja yenye viti kama dazeni, magurudumu yananing'inia muda wote, na ni kawaida abiria kupandishwa mizani pamoja na begi lake. Ikishatulia angani huenda kama kilomita 300 kwa saa. Hapo tayari ni dakika 25. (Hata ungeleta jeti, kabla haijakolea kasi ingebidi ianze kushuka.) Ongeza kutambaa ardhini, maana ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka ilipoegeshwa na huishia inaposimama. Wakati wa kupanda angani nao, mwendo ni karibu kilomita 200 tu kwa saa.

Kisha kuna upepo, na hapa ndipo panaponifurahisha. Msimu wa kusi, upepo unaisukuma ndege kuelekea Pemba. Kaskazi ikivuma, unaikabili usoni. Upepo wa kilomita 37 kwa saa ukija moja kwa moja kutoka nyuma, dakika 25 zinakuwa 22. Ukija kutoka mbele, zinakaribia 29. Ungedhani basi kusi ndiyo neema ya msafiri wa Pemba.

Si hivyo kabisa. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo. Wakati wa kusi inaruka kutoka Kisauni pua ikielekea pande za Fumba, yaani inaipa Pemba mgongo, ndipo igeuke. Kule mwisho pia inafika ikitokea kusini na upepo uko nyuma yake, kwa hiyo haiwezi kuingia moja kwa moja. Wakati wa kaskazi inapaa ikielekea kaskazini na kutua bila mzunguko mkubwa. Upepo unakukopesha dakika katikati ya bahari, halafu unakudai kwenye viwanja vyote viwili.

Kwa hiyo ukisafiri mwezi wa Julai, kusi ikivuma, umekwisha kukipita kisiwa cha Mnemba mkono wa kushoto, minazi ya Pemba imejaa dirishani, mara ukaona kiwanja kinapita ubavuni na ndege haitui, usishtuke. Rubani anakwenda kugeuza.