Kaunti isiyo na bahari: dhana potofu kuhusu ndege wa Rutland

Rutland iko katikati ya Uingereza, haifiki kilomita za mraba 400 na haigusi bahari popote. Kutoka Leicester ni nusu saa hivi kwa treni hadi Oakham, na kutoka hapo mtu anatembea kwa miguu hadi Egleton, penye vibanda vya kutazamia ndege kando ya Rutland Water, bwawa kubwa lililojengwa miaka ya 1970. Mengi ya makosa yanayosemwa kuhusu ndege wa huku yana chanzo kimoja: watu hudhani ndege wanafuata kalenda ya ukutani.

Dhana: Ukiona shakwe bara, ujue baharini kuna dhoruba.

Shakwe wa Rutland wapo hata upepo ukiwa umetulia kabisa. Mchana hufuata trekta zinazolima, wakiokota minyoo inayofunuliwa na jembe. Jioni hurudi kwa makundi kulala juu ya maji, mahali ambapo mbweha hawafikii. Mnandi naye, ndege mweusi mla samaki anayedhaniwa kuwa wa baharini tu, hajapotea njia, kwani huatamia hapohapo bwawani, juu ya miti.

Dhana: Majira ya baridi ndege wote huwa wamekwenda Afrika.

Wala wadudu huondoka, ndiyo. Bata ni kinyume chake. Maziwa ya Skandinavia na Urusi yakiganda, bata wa huko hushuka kuja Rutland, kwa sababu bwawa kubwa lenye kina huchelewa kuganda. Kwao hapa ndiko kusini. Idadi ya ndege wa majini wakati huo huweza kupita 20,000, kwa hiyo mwenye nafasi ya siku moja tu kwa mwaka, aje Desemba au Januari. Avae viatu vya mpira.

Dhana: Julai bata dume hutoweka, wanabaki majike watupu.

Kosa hili huwakamata hata watu wazoefu. Dume wa bata wa kawaida wa mabwawa, yule mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa, akimaliza kazi ya uzazi hunyonyoka manyoya na kuota mengine ya kahawia yanayofanana na ya jike. Manyoya ya mabawa humwanguka yote kwa mpigo, hivyo kwa wiki tatu au nne hawezi kuruka. Ndege asiyeweza kuruka hana faida na rangi za kujionyesha, kwa hiyo hujificha kwenye matete.

Kumtambua, achana na manyoya, tazama mdomo. Wa dume ni wa manjano ya kijanikijani mtupu, hata anaponyonyoka. Wa jike ni wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusimeusi. Kufikia Oktoba madume wengi wamekwisha kurudia rangi zao.

Dhana: Mbayuwayu hulala matopeni hadi machipuko.

Waingereza waliliamini hili kwa karne nyingi, maana mbayuwayu huonekana kwa wingi juu ya matete mnamo Septemba, kisha ghafla hakuna hata mmoja. Jibu lilitoka Staffordshire, kaunti nyingine isiyo na bahari. Mei 1911 John Masefield wa Cheadle alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni, na Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini.

Wengi pia humwita mbayuwayu kila ndege mdogo mwenye mabawa ya mundu. Mbayuwayu ana tumbo jeupe na koo jekundu, hutua kwenye nyaya, hufika Aprili na kuondoka Septemba. Teleka ni mweusimweusi mwili mzima isipokuwa kidevu, hatui kwenye waya kamwe, hupiga kelele kali juu ya mapaa, hufika mwanzoni mwa Mei na mapema Agosti amekwisha kwenda. Anayeripoti "mbayuwayu wameondoka mapema mwaka huu" kwa kawaida alikuwa akiwatazama teleka.

Dhana: Kekeo ni Mwingereza anayekwenda Afrika likizo.

Hesabu miezi. Kekeo mzima hufika mwishoni mwa Aprili na wengi huondoka Juni, kwa sababu mayai yake ameshayataga kwenye viota vya ndege wengine na hana mtoto wa kulea. Vifaa vya setilaiti walivyofungwa kuanzia 2011 vimeonyesha kwamba miezi ya baridi huwa kwenye misitu ya bonde la Kongo. Msomaji wa Kisangani ana haki zaidi ya kumwita wake.

Ndiyo maana wazoefu husema safari za vuli (vuli ya huku ni ya majani kupukutika, si ya mvua) huanza Juni. Mwishoni mwa mwezi huo vitwitwi wa kwanza kutoka kaskazini tayari wako kwenye matope ya bwawa.

Dhana: Ospri huwaongoza watoto wao hadi Afrika.

Huyu ni ndege mbuai anayeishi kwa samaki. Uingereza ya kati ilikaa bila ospri wanaozaa kwa miaka 150 hivi. Kati ya 1996 na 2001 vifaranga 64 vililetwa Rutland kutoka Scotland vikiwa na umri wa wiki sita hivi, kabla ya kuruka, vikalishwa samaki ndani ya vizimba kando ya maji. Umri huo ndio siri ya mradi: ospri dume hurudi kuzaa karibu na mahali aliporukia mara ya kwanza. Kifaranga cha kwanza kilitotolewa 2001.

Wazima hurejea kuanzia katikati ya Machi. Agosti mara nyingi mama hutangulia, huku baba akiendelea kuleta samaki. Kisha kila mtoto huondoka peke yake kuelekea Senegal au Gambia, akitumia mwelekeo aliozaliwa nao. Upepo ukimsukuma juu ya Atlantiki hana wa kumrekebisha, na wengi hufa mwaka wa kwanza. Waliosalia hukaa Afrika Magharibi miaka miwili hivi ndipo warudi.

Dhana: Mwewe mwekundu hubeba wanakondoo.

Ana uzito wa kilo moja hivi na miguu dhaifu. Hula mizoga na minyoo. Mkia wake wenye panda ndio alama.

Dhana: Robini, ndege mdogo mwenye kifua chekundu, huimba Desemba kwa sababu ya Krismasi.

Kwa wimbo huo anafukuza wenzake kwenye eneo lake la chakula. Jike naye huimba.

Dhana: Ukijaza chakula bustanini, umewasaidia.

Mbegu zilizolowa mate hueneza vimelea vya koo, ambavyo vimewapunguza sana chiriku wa kijani tangu 2005. Weka kinachoisha kwa siku moja au mbili, badilisha maji kila siku, osha vyombo kila wiki na uviache vikauke kabisa, maana vimelea hivyo hufa vikikauka. Usitoe mafuta ya kikaangio wala chochote chenye chumvi. Ukiona chiriku amejivimbisha manyoya na anashindwa kumeza, ondoa vyombo vyote kwa wiki mbili angalau, ili ndege watawanyike.