Malkia wa usiku si mmea wa jangwani

Mwaka juzi mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Tanga alinijia kitaluni amekumbatia chungu cha malkia wa usiku kifuani kama mtoto mgonjwa. Nikamwamkia, akaitikia, akanikabidhi chungu. "Mwanangu, huu mwaka wa nne. Sijaona hata tumba moja." Majani yalikuwa ya manjano, yamesinyaa, pembeni yameungua. Nikachomeka kidole kwenye udongo: mchanga mtupu.

"Mama, mchanga huu umeutoa wapi?"

"Ufukweni. Si nyinyi wataalamu mnasema huu ni kaktasi, na kaktasi ni mmea wa jangwani?"

Swali lake ni la haki, na nalisikia karibu kila wiki. Kaktasi tunayoijua wengi ni mpungate: miiba, jua kali, ardhi kavu. Malkia wa usiku yuko kwenye ukoo huohuo lakini makazi yake ni mengine kabisa. Kwao ni misitu yenye unyevu ya kusini mwa Meksiko na Guatemala, na huko hauishi ardhini, unaishi juu ya miti. Mizizi yake hujishika penye panda za matawi, mahali ambapo majani makavu yamekusanyika yakaoza yakawa mboji kidogo. Haunyonyi mti hata chembe. Unaazima mahali pa kukaa tu. Kitaalamu unaitwa Epiphyllum oxypetalum, na neno la kwanza maana yake ni "juu ya jani", kwa sababu ua huchomoza kwenye ukingo wa kile kinachoonekana kama jani. Kwa kweli kile si jani, ni shina lililobapa, ingawa hapa nitaendelea kuliita jani kwa urahisi. (Usiuchanganye na kile kichaka chenye vimaua vidogo vya kijani vinavyonukia usiku, ambacho nacho wengine hukiita malkia wa usiku. Huo ni mmea mwingine kabisa.)

Mimi mwenyewe somo hili sikulipata kitabuni, nililipata milimani. Kwenye misitu ya Usambara kuna mmea unaoning'inia matawini kama nyuzi za kijani, wenye vitunda vyeupe vidogo vinavyonata. Ni Rhipsalis baccifera, na katika kaktasi zote duniani ndiyo pekee ambayo asili yake inapatikana pia nje ya bara la Amerika. Siku ya kwanza kuuona nilisimama chini ya mti ule muda mrefu. Ukungu ulikuwa unapita, magamba ya mti yamelowa, mwanga unachuja kupitia majani, na kaktasi imetulia hapo juu, haina mchanga wala jua la utosini. Niliporudi nyumbani nilimwaga vyungu vyangu vyote nikaanza upya.

Kwa hiyo ukitaka kuupanda, mtengenezee panda ya mti ndani ya chungu. Mimi nachanganya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, mboji ya majani, na vipande vidogo vya makaa, na samadi kiasi kidogo iliyooza mpaka haina harufu. Makumbi huyaloweka siku mbili tatu nikibadilisha maji, maana yana chumvi. Ukimwagilia, maji yatoke chini papo hapo. Yakituama juu hata kwa dakika moja, mchanganyiko wako ni mzito, rudia. Chungu kisiwe kikubwa. Mmea huu huchanua vizuri mizizi ikibanana.

Mwanga: jua la asubuhi mpaka kama saa tatu, baada ya hapo kivuli chepesi. Chini ya mwembe panafaa sana, au barazani upande wa mashariki. Majani yakigeuka ya manjano au mekundu jua limezidi. Yakirefuka membamba kama kamba, giza limezidi.

Maji ndiyo yanayotusumbua sisi wa pwani. Visima vyetu vingi vina chumvi, na mizizi hii laini haiivumilii. Kule kuungua pembeni mwa majani ya mmea wa yule mama kulitokana na chumvi ya mchanga wa ufukweni. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, uyatumie kwa mmea huu peke yake ikibidi.

Kuuzalisha ni rahisi. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20, kiache kivulini wiki nzima mpaka kidonda kikauke, halafu chomeka upande uliokuwa chini, usigeuze. Usikimwagilie mpaka siku kadhaa zipite. Maua utayaona baada ya miaka miwili au mitatu.

Sasa kwa nini usiku? Kaktasi karibu zote hufunga vitundu vyao vya kupumulia mchana ili zisipoteze maji, na huvifungua usiku kuvuta hewa ya ukaa, zikaiweka kama asidi mpaka jua lichomoze. Usiku kwa mmea huu ni saa za kazi. Na ua lake limeumbwa kwa ajili ya wageni wa usiku: jeupe ili lionekane gizani, lenye harufu inayofika mbali, na shingo ndefu inayomfaa nondo mwenye ulimi mrefu.

Kuchanua kunahitaji njaa kidogo, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kupenda sana. Nilipoanza nilikuwa natia urea kila mwezi. Nilipata majani marefu kuliko mimi, na ua hata moja sikupata, kwa sababu naitrojeni nyingi huuambia mmea uendelee kukua tu. Sasa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, napunguza maji mpaka majani yalegee kidogo. Masika yakianza naurudishia maji na mbolea yenye potasiamu, na baada ya wiki chache naanza kukagua kingo za majani kila asubuhi. Chipukizi la jani huwa bapa. Tumba huwa la duara, lina wekundu kwa mbali. Tokea hapo ni kama wiki tatu hadi nne.

Ukishaona tumba, usikihamishe chungu. Niliwahi kukisogeza chungu chenye matumba tisa kutoka uani hadi sebuleni ili wageni wa harusi wayaone. Ndani ya siku nne yalianguka yote.

Vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama pamba, hujificha penye maungio ya majani, na sisimizi ndio wanaowaleta. Wafute kwa pamba yenye maji ya sabuni. Kwa walio Njombe au Kinangop, usiku wa jalidi uingizeni ndani, maana baridi ya kuganda huuua.

Yule mama alirudi kwake na mmea ukiwa kwenye makumbi, akawa anaumwagilia maji ya mvua. Aprili mwaka huu akanipigia saa mbili usiku: "Njoo haraka." Mchana ule shingo ya tumba ilikuwa imejikunja kwenda juu na ncha imevimba, dalili kwamba usiku ndio huo. Nilipofika lilikuwa limeachia mdomo tu. Ukikaa kimya unaona petali zikitikisika, moja inajinasua, kisha nyingine. Kufikia saa tano lilikuwa pana kama sahani, na katikati kikonyo cheupe chenye vidole vingi vyembamba kimezungukwa na mamia ya nyuzi zenye chavua. Harufu ilishajaza uani ikavuka ukuta. Jirani yake Mhindi akaja na taa ndogo ya mafuta, akaiweka chini ya chungu. Kwao wengi huuita Brahma Kamal, nao huliombea ua hili. Mama akatandika mkeka, tukakaa watatu.

Adhana ya alfajiri ilipolia ua lilikuwa limenywea, linaning'inia kama kitambaa kilicholoa. Mama alileta tochi akamulika jani la pili. Palikuwa na tumba jingine, ukubwa wa punje ya mchele.