Mabadiliko ya kudumu ya ulaji ni nini, na kwa nini huanzia kwenye sufuria

Mabadiliko ya kudumu ya ulaji ni kubadili chakula cha siku za kawaida: aina yake, kiasi chake na namna kinavyopikwa, kwa kadiri ambayo mtu anaweza kuendelea nayo miaka na miaka. Kinachobadilishwa ni mlo wa Jumanne isiyo na mgeni, harusi wala sikukuu. Dayati ya wiki tatu ni kitu kingine. Ile ina siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na siku ya kumaliza mtu hurudia sahani yake ya zamani, na mwili nao hurudi.

Anayekula kabichi na mayai ya kuchemsha kwa wiki tatu atapungua kweli, tena haraka. Ila sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glikojeni, na kila gramu yake hushika gramu kama tatu za maji. Akiba ikitumika, maji hutoka, mizani inashuka, mtu anafurahi. Akirudia ugali siku mbili tatu, akiba inajaa na maji yanarejea. Mafuta ya kitambi hayaondoki kwa kasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi, na naamini lingewaondolea aibu: mwili hupigania uzito wake. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake, watafiti wa serikali ya Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Walikuwa wamepungua makumi ya kilo ndani ya miezi michache. Miaka sita baadaye, 13 kati yao walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilitumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Homoni ya leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo, nayo ilikuwa chini kuliko kabla ya shindano. Kwa hiyo anayerudisha kilo zake baada ya kujinyima vikali asiitwe mlafi wala mvivu. Amebebeshwa mzigo ambao mwili wa binadamu umeumbwa kuukataa.

Kinachosaidia huonekana kidogo mno mwanzoni. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ya damu ilikuwa imepanda bila kufikia ugonjwa. Kundi moja lilisaidiwa kubadili ulaji na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa kasi walau dakika 150 kwa wiki, lengo likiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo sita na kitu. Baada ya takribani miaka mitatu, uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili katika kundi hilo ulikuwa umepungua kwa asilimia 58 kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliotumia metformini, dawa ya kisukari, walipata nafuu ya asilimia 31. Kilo sita! Huenda jirani asizione, lakini moyo, figo na kongosho vinazijua.

Na ule ubishi wa kama adui ni wanga au ni mafuta? Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia watu 609 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018. Waliopunguza wanga na waliopunguza mafuta walipishana kwa chini ya kilo moja. Makundi yote mawili yalikuwa yameshauriwa kula mboga za majani kwa wingi na kupunguza sukari na unga uliokobolewa. Basi chagua njia inayoweza kukaa nyumbani kwako.

Neno nyumbani nalitaja kwa makusudi. Mashauri mengi ya kupunguza mwili yameandikwa kwa mtu anayejipikia na kujipakulia peke yake. Kwetu nyumba nyingi zina sufuria moja, na Pwani watu huzunguka sinia moja. Mafuta anayokula baba, mama, mtoto wa shule na shangazi aliyekuja kutembea yanaamuliwa na mkono mmoja wakati wa kuunga mboga. Mgonjwa anaporudi kutoka kliniki na agizo la "punguza mafuta", na jikoni hakuna kilichobadilika, amebaki na njia mbili: ale alichopikiwa, au ajitenge na wenzake. Wengi hujitenga siku chache, kisha hurudi kwenye sinia, na siwalaumu. Mpishi wa nyumba ndiye anayepaswa kuitwa kliniki, akae kiti cha pili mbele ya daktari.

Tuchukue dumu la mafuta la lita 5. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4, kwa hiyo lita moja ya mafuta ya kula hubeba kalori kama 8,000. Nyumba ya watu wanne inayomaliza dumu hilo kwa mwezi inampa kila mmoja kalori zaidi ya 300 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake. Dumu hilohilo likifika miezi miwili, kila mtu amepunguza kalori zaidi ya 150 kwa siku, na hakuna aliyelala njaa. Njia yake ni ya jikoni kabisa: mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, samaki abanikwe siku nyingine badala ya kukaangwa kila siku, kisamvu kipate tui jepesi siku za kawaida, tui zito lingoje wageni. Maharage ya chukuchuku yenye kitunguu, nyanya na ndimu ni matamu, nasema hivyo bila kumbembeleza mtu. Watoto wadogo wasiingizwe kwenye hesabu hii. Walio chini ya miaka miwili wanahitaji mafuta ili wakue, na uji wao uendelee kutiwa unga wa karanga.

Ugali nao hauhitaji kufukuzwa. Tazama sahani ya kawaida: mlima wa ugali, na mchicha kidogo pembeni wa kutelezeshea. Ukigeuza uwiano huo, mboga za majani zikachukua nusu, maharage au dagaa robo na ugali robo, tumbo linajaa lakini kalori zinashuka, kwa sababu majani yana maji na nyuzinyuzi nyingi. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ila mlima wa dona bado ni mlima.

Sukari nyingi huingia kwa kunywa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ibaki chini ya 25. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu kama 36. Soda nyingi zina takribani gramu 10 kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya nusu lita inafikia 50 peke yake, na haimzuii mtu kula chakula kamili saa moja baadaye. Kwenye chai, punguza nusu kijiko, kaa hapo mpaka ulimi uzoee, kisha shuka tena. Watafiti wa University College London waliowachunguza watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya walikuta ilichukua siku 66 kwa wastani mpaka jambo lifanyike bila kufikiriwa, na watu walitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Badiliko moja kwa wakati linatosha.

Pilau ya harusi iliwe. Futari ya Ramadhani yenye kaimati na sambusa iliwe pia, ila mwezi mzima wa kukaanga unastahili kupangwa na mpishi mapema. Kizito zaidi ni macho ya watu. Unene ulihesabiwa neema, na katika miaka ya 1980 Uganda waliuita UKIMWI "slim", hata mtu aliyekonda akatazamwa kwa hofu. Hofu hiyo bado imo kwenye swali la "mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Anayepungua kwa hiari ajibu bila haya kwamba amebadili chakula. Anayepungua bila kukusudia aende kupimwa, maana kifua kikuu na kisukari huanza hivyo. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi aongee na daktari kabla ya kupunguza mlo, kwani sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Mjamzito na anayenyonyesha nao wapate ushauri kwanza.

Mizani si lazima iwepo nyumbani. Tepi ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, inaonyesha mengi. Shirika la Afya Duniani hutumia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kama kipimo ambacho kikipitwa hatari huanza kupanda. Presha na sukari zipimwe kituo cha afya baada ya miezi mitatu ya sahani mpya, hata kama kilo zimeganda, kwa kuwa namba hizo mbili huweza kushuka kabla suruali haijalegea.