Mkono Unaokufa Ganzi Usiku: Ni Vidole Vipi?

Wagonjwa wengi wanaofika katika kitengo chetu cha fiziotherapia kwa ajili ya ganzi huanza kwa kusema kwamba mkono wote umekufa ganzi na kwamba damu haitembei. Kauli hizo zinaeleweka, lakini mara nyingi zote mbili si sahihi. Mkono unaokosa damu hupauka na kuwa wa baridi, ilhali mkono unaochomachoma kama sindano huku ukiwa na joto na rangi yake ya kawaida, mara nyingi una mshipa wa fahamu uliobanwa mahali fulani kati ya shingo na kiganja. Mahali hapo huanza kujulikana kwa swali moja: ni vidole vipi?

Msusi mmoja tuliyemhudumia alikuwa akiamka saa nane za usiku kwa miezi kadhaa, akiukung'uta mkono wake wa kulia kando ya kitanda kama mtu anayekung'uta maji, hadi apate nafuu na kulala tena. Tulimchorea kiganja kwenye karatasi, tukamwomba apake kalamu pale tu panapochomachoma, tena usiku huohuo kabla hajasahau. Alirudi na karatasi yenye weusi kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa gumba. Kidole kidogo kilikuwa cheupe kabisa.

Mchoro wa namna hiyo unaelekeza kwenye kifundo cha mkono. Hapo, mshipa wa fahamu hupita pamoja na kano tisa za kukunja vidole katika njia nyembamba, yenye mifupa chini na utando mgumu juu. Njia hiyo haitanuki, kwa hiyo kano zikivimba, au kifundo kikipinda kwa muda mrefu, kinachoumia ni mshipa. Wengi wetu hulala tumekunja viganja bila kujijua, na ndiyo sababu ganzi hii hupenda kuja usiku. Wajawazito huipata kwa sababu ya mwili kuhifadhi maji, na kwa kawaida hupungua baada ya kujifungua. Kisukari, unene uliozidi, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, na kazi za kukaza vidole au kushika mashine zinazotetema huongeza uwezekano wa kuipata.

Ganzi ikikaa kwenye kidole kidogo na nusu nyingine ya kidole cha pete, mshipa unaotiliwa shaka ni ule unaopita nyuma ya kisugudi, uleule unaotupiga kama shoti ya umeme tunapojigonga. Kuzungumza kwa simu saa nzima mkono ukiwa umekunjwa, au kulala umeuweka chini ya mto, huubana. Hapa inafaa kukumbuka kwamba ukoma nao hupenda kuushambulia mshipa huu. Mwenye ganzi ya aina hii pamoja na baka la ngozi lisilohisi mguso asione haya kwenda kituo cha afya, kwani ugonjwa huo unatibika na dawa zake hutolewa bure.

Tatizo likitoka kwenye pingili za shingo, maumivu huteremka kutoka shingoni kupitia bega, huongezeka mtu anapoinua uso na kugeukia upande unaouma, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu wakiweka kiganja juu ya kichwa. Ganzi inayoanzia kwenye nyayo za miguu yote miwili na baadaye kufika mikononi ni suala jingine. Hiyo hutokana zaidi na kisukari, pombe, VVU, upungufu wa vitamini B12, au dawa kama isoniazidi ya kifua kikuu. Dawa hizo zisiachwe. Mhudumu aelezwe, naye ataongeza kinachohitajika. Vidonge vya neva vinavyonunuliwa kwa mazoea dukani havifungui mshipa uliobanwa, na vitamini B6 ikitumiwa kwa wingi kwa muda mrefu huweza yenyewe kuharibu mishipa ya fahamu.

Ganzi ya ghafla ya upande mmoja pamoja na mdomo kupinda au kushindwa kutamka, maumivu ya mkono yanayoambatana na kubanwa kifua, au mikono kukosa ustadi huku miguu ikiwa mizito na mkojo ukisumbua, ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kwa kubanwa kwenye kifundo, tiba ya kwanza ni splinti inayokishika kifundo kikiwa kimenyooka, ikivaliwa kila usiku kwa wiki sita hivi. Wenye tatizo la kisugudi hufaidika kwa taulo lililozungushiwa mkono, lisilokazwa, ili mkono usikunjike usingizini. Splinti ya kifundo isiposaidia, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, na kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule utando wa kifundoni, ambao kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya ganzi ya mkono tu na mgonjwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wengi huuogopa na kusubiri hadi kinofu cha chini ya kidole gumba kibonyee na vifungo vya shati vishindikane. Wakati mwingine kuchomachoma hupungua katika hatua hiyo, nao hudhani wamepona, kumbe mshipa umechoka kutoa taarifa. Nyuzi zilizokufa huota tena kwa takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokwisha huenda usirudi.

Msusi wetu hakufika huko. Alivaa splinti, akaacha kumketisha mteja sakafuni, akampandisha kwenye kiti kirefu ili viganja vyake visipinde, na akazoea kunyoosha vidole kila anapomaliza mistari michache. Baada ya wiki sita alileta mchoro wa pili, wenye doa moja kwenye ncha ya kidole cha kati. Splinti bado anayo, na huivaa usiku katika wiki ya kuelekea sikukuu, anaposuka kutwa nzima.