Kuuza replika ya Ferrari: tangazo lisipishane na kadi

Ferrari 250 GTO ilitengenezwa kati ya mwaka 1962 na 1964, na zilizotoka kiwandani Maranello ni 36 tu. Kila moja inajulikana kwa namba yake ya chasisi. Mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48. Kwa hiyo gari lenye umbo hilo likiegeshwa Raskazone, Tanga, na karatasi ya "INAUZWA" kwenye kioo, hilo ni replika, yaani nakala, na si jambo la kuonea aibu. Matatizo huanza pale tangazo linaposema "Ferrari ya 1963" wakati kadi ya gari imeandikwa Datsun.

Na mara nyingi ni Datsun kweli. Replika nyingi za GTO hujengwa juu ya Datsun 240Z, 260Z au 280Z, kwa sababu boneti ni ndefu, dereva anakaa nyuma karibu na ekseli, na injini ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Datsun hiyo ina heshima yake kwetu: 240Z ndiyo iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Muuzaji anayelificha jina hilo anaficha sehemu nzuri ya gari lake.

Andika hivi: "Datsun 240Z ya 1972, bodi ya faiba yenye umbo la Ferrari 250 GTO, imekarabatiwa." Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kuvunjwa na aliyedanganywa. Nembo ya farasi ya Ferrari ing'olewe kabla ya kupiga picha za tangazo. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa zenye alama bandia, na kisingizio cha "nilinunua likiwa hivyo" si cha kutegemea.

Kisha fungua boneti ulinganishe namba. Kwenye 240Z ya usukani wa kulia, namba ya chasisi huanza na HS30 na imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Namba ya injini iko ubavuni mwa bloku, ikianza na L24. Injini nyingi zimeshabadilishwa na kuwekwa injini ya L28. Si kasoro, ila badiliko hilo liingizwe kwanza kwenye kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato, la sivyo uhamisho wa umiliki utakwama.

Wanunuzi wengine huja na sumaku wakitaka kujua kama bodi ni halisi. Haiwasaidii, maana bodi ya GTO halisi ni ya alumini, nayo haishiki sumaku kama isivyoshika faiba. Wape vipimo: GTO ina injini ya V12 (silinda kumi na mbili) ya sentimita za ujazo 2,953, L24 ina 2,393. Kati ya ekseli na ekseli GTO ina milimita 2,400, 240Z ina 2,305. Breki za nyuma za GTO ni diski, za 240Z ni dramu.

Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, kinachoshusha bei zaidi ni kutu chini ya faiba. Faiba yenyewe haioti kutu, lakini hunasa unyevu kati yake na chuma, na rangi ya juu ikabaki inang'aa huku sakafu inaliwa. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, ugonge kwa bisibisi chini ya betri, kwenye sakafu, kwenye reli zinazopita chini ya viti na pale shokapu za nyuma zinapofungwa. Bisibisi ikizama, usibandike kiraka juu. Kata hadi kwenye chuma safi ndipo uchomelee bati la unene uleule. Kabla ya kuchomelea ondoa betri, na ukinge faiba kwa blanketi lililoloweshwa, maana resini hushika moto.

Nyufa zenye umbo la nyota kwenye rangi huanzia nyuma ya bodi, kwa kawaida penye bolti iliyokazwa kupita kiasi au bawaba iliyolegea. Ukijaza pati tu, ufa utarudi baada ya safari chache za barabara ya vumbi. Ondoa kwanza chanzo. Saga ufa kwa umbo la V hadi ufikie nyuzi, safisha kwa asetoni, weka tabaka mbili au tatu za mkeka wa faiba. Hadina, yaani dawa ya kugandisha, ya resini ya poliesta ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Kwa joto la hapa kaa karibu na 10, kwa kuwa ikizidi resini huganda ndani ya kopo, huchemka, na kiungo kinakuwa kikavu chepesi kupasuka. Usifanye kazi hii mvua inaponyesha. Piga picha kila hatua. Mnunuzi makini atalipia picha hizo kuliko rangi mpya.

Rimu za spoki hufungwa kwa adapta juu ya hab ya nati nne. Vua rimu ukaze nati zilizofichika. Adapta za kulia na kushoto zikibadilishana nafasi, nati ya katikati hujifungua gari likiwa mwendoni.

Injini ikiwa ya moto, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na plagi zote zimetolewa. Silinda iliyo dhaifu isipungue asilimia 80 ya iliyo bora. Nafasi za valvu za L24 hupimwa injini ikiwa moto pia: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa moshi. Andika matokeo na tarehe.

Bei ifuate ubora wa ufundi huo, siyo mnada wa Marekani. Fedha ipite benki, mkataba utaje Datsun na faiba kwa maneno kamili, na uhamisho TRA uanze siku hiyohiyo. Kadi ikibaki na jina lako, faini za barabarani nazo zitaendelea kukufuata.