Mstari mmoja hautoshi: kariri zaburi nzima

Karibu kila mtoto aliyepita shule ya Jumapili anaijua Yohana 3:16. Muulize mstari wa 17, wengi hunyamaza. Mimi ni mwalimu wa darasa la Kipaimara, na jambo ninalolipigania kuliko mengine ni hili: tukariri Maandiko kwa mafungu marefu, zaburi nzima, hata sura nzima. Mstari mmoja mmoja ni mwanzo mzuri, ila wengi wetu tumeishia hapo hapo.

Fungua Mathayo 4. Yesu yuko nyikani, amefunga siku 40, hana gombo mkononi. Anamjibu Shetani mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Huko ndiko Musa anakowakumbusha Waisraeli miaka yao 40 ya jangwani, yaani njaa, mana, na jinsi walivyomjaribu Mungu pale Masa. Bwana wetu alikuwa na fungu zima moyoni, nalo lilihusu hali ile ile aliyokuwamo.

Shetani naye alinukuu, akachukua Zaburi 91:11-12. Linganisha maneno yake na zaburi yenyewe. Zaburi inasema malaika wataagizwa “wakulinde katika njia zako zote”. Katika Mathayo maneno hayo ameyaruka. Tena aliishia mstari wa 12. Wa 13 unasema, “Utawakanyaga simba na nyoka.” Anayeijua zaburi nzima husikia mara moja kwamba kuna kilichoachwa.

Na sisi tunaacha. Wafilipi 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu,” tunaiandika kwenye magari na kuidai kwa ajili ya mtihani au biashara. Aliyeanzia mstari wa 11 anajua kwamba Paulo, akiwa kifungoni, anasema amefundishwa “kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa.” Basi neno hilo ni la aliyefaulu, na ni la aliyefeli pia. Huyu wa pili ndiye anayelihitaji zaidi, na mara nyingi ndiye tunayemnyima.

Kanisa la kale halikulifanyia mzaha jambo hili. Huko Misri, katika karne ya 4, kanuni za Pakomio, mwanzilishi wa monasteri za watawa wanaoishi pamoja, zilimtaka kila aliyeingia monasterini akariri walau Agano Jipya na Zaburi. Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliamua kwamba asiyejua Zaburi kwa moyo asiwekwe wakfu kuwa askofu. Ni zaburi 150 hizo.

Darasani kwangu tunaanza na Zaburi 121, yenye mistari minane tu. Mistari miwili ya kwanza anayesema ni msafiri mwenyewe: “Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?” Kuanzia wa tatu sauti inageuka, mwingine anamwambia, “Asiuache mguu wako usogezwe.” Kwa hiyo ninawagawa wanafunzi pande mbili, upande mmoja useme mwanzo, mwingine ujibu. Kisha ninawaambia wafuate neno “kulinda” linavyojirudia: akulindaye, mlinzi, mlinzi, atakulinda, atakulinda, atakulinda. Mara sita. Ukizishika hizo sita, zaburi imesimama.

Wapo wanaofundisha kuandika herufi ya kwanza ya kila neno. Kwa Kiswahili njia hiyo haitufai sana, kwa sababu viambishi vyetu hufanya maneno mengi yaanze na herufi zile zile. Andika neno la kwanza la kila mstari. Shika tafsiri moja, usichanganye Union na Habari Njema. Funga kitabu useme kwa sauti, kwani kusoma tena na tena huku unatazama hukudanganya kwamba umeshika. Halafu rudia kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha tangu 1885 kwamba marudio yaliyoachanishwa hushinda yale yanayobanwa yote katika kikao kimoja.

Mtu ataniambia, Mwalimu, Biblia iko kwenye simu. Iko, na ninaitumia kila siku. Lakini njoo tukatembelee wagonjwa. Nimekaa kando ya wazee waliosahau majina ya watoto wao wenyewe. Ukianza “BWANA ndiye mchungaji wangu,” midomo inafuata, wanamaliza “sitapungukiwa na kitu,” na wanaendelea hadi bondeni na kutoka. Walijifunza wakiwa watoto, zaburi nzima. Ninawafundisha vijana wa miaka 14 nikiufikiria uzee wao.

Baada ya 121 tunakwenda Mathayo 5:1-12, kisha Wafilipi 2:5-11, halafu Warumi 8:31-39. Hii ya mwisho huwakwamisha wengi kwenye orodha ya mstari wa 38. Ishike kwa jozi: mauti na uzima, malaika na wenye mamlaka, yaliyopo na yatakayokuwapo. “Wenye uwezo” hawana mwenzao, na hapo ndipo watu hupotea. Tua kidogo hapo, vuta pumzi, kisha endelea na yaliyo juu na yaliyo chini.